Injini ya kilo 350 kwa trekta dogo la HP 30: mikono inaweza, mbele je?

Mzigoni_Muheza

Wakuu, habari za jioni. Naomba ujuzi wa wanaofanya kazi na matrekta madogo.

Shamba lipo kati ya Muheza na Pangani, ekari 18, nusu tambarare ya kichanga na nusu mteremko wa udongo mwekundu. Trekta ni HP 30, inavuta magurudumu yote manne, haina kijiko cha mbele. Kitabu chake kinasema uzito ni kilo 1,200, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6, na mikono ya nyuma inanyanyua kilo 900 kwenye vichwa vyake, au kilo 650 mzigo ukiwa sentimita 61 nyuma ya vichwa.

Kazi ni tatu. Kwanza, injini ya dizeli ya pampu, kilo 350 kwa mujibu wa kibati chake, ishuke kwenye pikapu na ikae juu ya msingi wa zege wa sentimita 30. Pili, magogo ya mwembe ya mita 3 yatoke bondeni mpaka barabarani. Tatu, tangi la maji la lita 1,000 lihamishwe mara kwa mara kati ya miche.

Fundi wa kuchomelea yuko tayari kunitengenezea bumu (namaanisha mkono wa chuma wa kunyanyulia, si hela ya chuo) ya urefu wa mita 1.5, kwa bomba la mraba la 50 kwa 50. Anasema kama kitabu kimeandika 900, basi 350 ni mchezo. Ni kweli?

---

FundiPongwe

Si kweli, mkuu. Hiyo 900 ni ubavu wa haidroliki tu. Kitabu hakijakuahidi popote kwamba magurudumu ya mbele yatabaki ardhini.

Ichukulie trekta kama pembea ya watoto: egemeo ni ekseli ya nyuma. Upande mmoja wamekaa injini ya trekta na magurudumu ya mbele, upande wa pili mzigo wako. Trekta ya aina yako huwa na karibu asilimia 40 ya uzito wake mbele. Ukitaka uhakika, pandisha magurudumu ya mbele peke yake kwenye mizani ya magari. Tuchukue kilo 480. Zidisha kwa mita 1.6, unapata 768. Hiyo ndiyo akiba yako yote.

Sasa upande wa mzigo. Chukua futi, pima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kwenye vichwa vya mikono. Kwa ukubwa huu ni kama sentimita 80. Mzigo ukining'inia sentimita 60 nyuma ya hapo, umbali ni mita 1.4. Gawa 768 kwa 1.4: kilo 548, na hapo mbele iko hewani kabisa. Lakini huwezi kuendesha trekta ambayo mbele yake iko hewani. Kanuni ya kazi ni kwamba asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye magurudumu ya mbele, kwako kilo 240, la sivyo utakata usukani na trekta itaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Zilizobaki ni 240 mara 1.6, yaani 384.

Toa na bumu yenyewe. Ikiwa na kilo 40 na kiini chake kipo mita 1.1 kutoka ekseli, inakula 44. Unabaki na 340:

- mzigo ukiwa mita 1.4 kutoka ekseli: kilo 243
- mzigo ukiwa mwisho wa bumu ya mita 1.5 (jumla mita 2.3): kilo 148

Kilo 250 ni robota moja la mkonge lililobanwa, watu wa huku tunalijua kwa macho. Yaani bila uzito wa mbele, trekta yako haifikishi hata robota moja. Na kwa bumu ya fundi wako, mbele inapaa kabisa mzigo ukifika kilo 315. Injini ya 350 ndiyo itakayokunyanyua wewe.

Dawa ni vyuma vya uzito vya mbele. Vipande 4 vya kilo 25, vikikaa sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele, viko mita 2.2 kutoka egemeo, vinaongeza 220. Trekta sasa ina kilo 1,300, asilimia 20 yake ni 260. Piga upya: 768 + 220 − 44 − 416 = 528. Ukigawa kwa 1.4 unapata kilo 377. Kwa 2.3 unapata 230. Kwa hiyo injini inawezekana, ila kwa bumu fupi na vyuma mbele, juu ya ardhi tambarare, na bado umebakiwa na kilo 27 tu za nafasi. Mimi nisingeendesha nayo mbali.

---

Chuma_na_Cheni

Hesabu ya Fundi iko sawa. Naongezea upande wa chuma, maana bomba la 50 kwa 50 limenishtua.

Kilo 350 mwishoni mwa mita 1.5 zinalikunja bomba hilo, liwe la unene wa milimita 2 au 3, haliponi. Ni bomba la mageti. Bumu ya kazi hii ianzie 100 kwa 100, unene milimita 5. Hilo kwa mzigo huo huo linafanya kazi kwa chini kidogo ya nusu ya uwezo wake, na nusu inayobaki si anasa: gurudumu likiingia shimoni mzigo unaruka, na kwa sekunde hiyo unaweza kuwa na uzito mara mbili.

Vipimo vya fremu, ili isije ikakataa kuingia kwenye trekta. Pini za chini milimita 22, pini ya juu 19, nafasi kati ya mabega ya pini za chini milimita 683, na tundu la juu liwe sentimita 46 juu ya mstari wa pini za chini. Hiyo ndiyo saizi ya kwanza, ya matrekta madogo. Usikubali fundi "abuni". Kila pini iwe na kotapini yake, na si msumari uliokunjwa.

Tundu hilo la juu ndilo linaloshika toplinki (ule mkono wa juu wa katikati unaounganisha fremu na trekta), na watu hawaitazami. Mzigo ukiwa nyuma, fremu inataka kulala chali, na kitu pekee kinachoizuia ni toplinki. Kilo 350 kwa sentimita 60 zinaivuta toplinki kwa takriban kilo 457. Peleka mzigo ule ule hadi mita 1.5, inavutwa kwa kilo 1,141. Ukiwa umeifungua skrubu yake mpaka zimebaki nyuzi chache ndani, hapo ndipo inapochomoka. Ifunge fupi, na nyuzi za kutosha ziwe ndani pande zote mbili.

Ndoano: usikunje nondo. Nondo ikikunjwa hadi kuwa ndoano hufunguka polepole mzigo ukiwa juu, au hukatika pale ilipochomelewa. Chomelea bamba la milimita 12, toboa tundu la milimita 18, tia pingu ya chuma yenye mhuri wa tani 2. Isiyo na mhuri ni ya kufungia mbuzi. Mkanda wa kunyanyulia, chukua wa kijani (tani 2). Ukiuzungusha kwa kuukaza kama kitanzi, uwezo wake unashuka hadi asilimia 80.

Na pembe ya mikanda. Mikanda miwili ikisimama wima, kila mmoja unabeba nusu ya mzigo. Ikilala hadi nyuzi 30 kutoka mlalo, kila mmoja unabeba mzigo mzima. Kwa hiyo iache mirefu, nyuzi 60 au zaidi. Tatizo ni kwamba mkanda mrefu unakula kimo, na mikono ya trekta ndogo inapanda kama sentimita 65 tu kutoka chini hadi juu. Pima kimo kabla ya kununua chochote.

---

Mzigoni_Muheza

Asanteni sana. Vyuma vya mbele sina bado. Jirani ananishauri nijaze maji kwenye tairi za nyuma, anasema trekta itatulia. Na fundi mwingine anasema kuna valvu ya haidroliki unaongezea washa (kipete cha chuma) ndani, nguvu inapanda. Mnasemaje?

---

MkulimaMkwaja

Maji kwenye tairi ni jambo zuri, mkuu. Huku Tanga hakuna baridi ya kugandisha, kwa hiyo ni maji matupu, huhitaji ile chumvi wanayotia nchi za barafu. Nyanyua gurudumu, zungusha valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, hapo ni kama robo tatu ya tairi. Tairi ya 11.2-24 inakula karibu lita 120. Trekta inakamata udongo vizuri, na kwenye mteremko wa ubavu haitingishiki.

---

FundiPongwe

Mkwaja, maelezo ya kujaza ni sahihi kabisa, ila hayajibu tatizo la huyu bwana. Rudi kwenye pembea. Maji yapo kwenye tairi za nyuma, tairi za nyuma ndizo egemeo. Uzito ulio juu ya egemeo hauzuii upande wowote kupaa. Kilo 240 za maji hazitashusha magurudumu ya mbele hata kwa kilo moja mzigo ukiwa nyuma.

Maji yanasaidia pale trekta ina kijiko cha mbele, kwa sababu hapo egemeo linahamia ekseli ya mbele, na uzito wa nyuma unakuwa mbali nayo. Wenye kijiko wafanye hivyo, na waongeze pipa la zege kwenye mikono ya nyuma: pipa la lita 200 likijazwa nusu ni lita 100 za zege, karibu kilo 240, na saruji haifiki hata mfuko mmoja ukichanganya moja kwa mbili kwa nne. Pipa linaingia vizuri kati ya yale mabega ya milimita 683.

Kuhusu washa: hapana. Valvu hiyo ndiyo fyuzi. Ukisikia haidroliki inaguna na mzigo hauondoki, valvu inakuambia umezidisha. Ukiikaza, mafuta hayana pa kutokea, na kinachofuata kupasuka ni kifuniko cha mikono, cha chuma cha kumimina, ambacho hakichomeleki kirahisi. Na kwako haidroliki haijawahi kuwa tatizo. Ina akiba ya kutosha. Unaongeza nguvu mahali pasipopungukiwa.

Nitaje na jingine linaloendana nalo: kukanyaga mafuta hakuongezi nguvu ya kunyanyua. Kasi ya injini inaongeza wingi wa mafuta yanayosukumwa, yaani mikono inapanda haraka. Shinikizo ni lile lile. Kwa mzigo mzito unataka silensa ya chini (injini inazunguka taratibu) na mikono inayopanda taratibu.

Kama mzigo unashindwa kuondoka na uko ndani ya kipimo, angalia zile fimbo za wima zinazovuta mikono ya chini. Mikono mingi ina matundu mawili. Kuhamishia fimbo tundu la nyuma kunaongeza nguvu na kupunguza kimo.

---

Bi_Machui

Mwanangu, nauliza tu: kwa nini injini ishushwe na trekta? Ni kazi ya siku moja. Bumu, vyuma vya mbele, pini, vyote hivyo kwa mnyanyuo mmoja wenye nafasi ya kilo 27?

Azima chenibloku (kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta cheni kwa mkono) ya tani 1, tengeneza miguu mitatu ya mabomba ya maji ya inchi 2, kila moja mita 3.5. Juu yaunganishe kwa bolti nene moja au kwa pingu, chini yafungwe kwa cheni ili yasiteleze kufunguka. Yakisimama na nyayo zikiwa mita 3 hadi 3.1 kutoka moja hadi nyingine, kilele kiko kama mita 3 juu. Pikapu inarudi kinyumenyume kati ya miguu miwili, mguu wa tatu unabaki nyuma. Chini ya kila mguu weka kipande cha mbao kinene, hasa kwenye kichanga chenu, maana mguu mmoja ukizama kilele kinahama na mzigo unaanza kutembea.

Nyanyua injini sentimita 5 tu juu ya bodi, subiri, tazama miguu na cheni. Ikitulia, pikapu itoke mbele polepole, injini ibaki inaning'inia, halafu ishushwe juu ya msingi. Ndiyo maana miguu isimikwe kuuzunguka msingi tangu mwanzo, kilele kikiwa juu yake: injini haisafiri hata hatua moja. Funga mkanda kwenye masikio ya injini ya kunyanyulia. Usipitishe kwenye bomba la moshi wala pampu ya dizeli. Kama injini ina tangi lake la mafuta, limwage kwanza.

Na msifunge chenibloku kwenye tawi la mwembe au mkorosho. Tawi linaonekana nene, ndani lina mchwa.

---

Chuma_na_Cheni

Bi Machui amemaliza habari ya injini. Hata mimi nisingetumia trekta. Kama mtu hana miguu mitatu na lazima atumie bumu fupi, basi avue geti la nyuma la pikapu. Likilazwa linakula karibu sentimita 45, na kila sentimita unayoongeza nyuma unailipa mbele. Aisogeze injini hadi ukingoni kwa mabomba ya kuviringishia, anyanyue, pikapu iondoke, kisha ashushe mzigo hadi karibu na ardhi kabla trekta haijasogea.

---

MkulimaMkwaja

Nimekubali habari ya maji, Fundi.

Magogo: kwanza ujue uzito. Chukua futi ya cherehani, pima mzunguko wa gogo katikati. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawa kwa 12.57, unapata mita za ujazo. Mti mbichi uhesabu kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, ukikosea utakosea upande salama. Gogo la mita 3 lenye mzunguko wa mita 1.26 ni kama kilo 380. Hilo halinyanyuliwi, linaburutwa.

Sehemu ya kufungia ni moja: upau wa kukokotea wa chini, ule uliofungwa kwenye mwili wa trekta. Kamwe usifunge cheni kwenye toplinki au kwenye chuma chochote kilicho juu ya ekseli. Gogo likikwama kwenye kisiki huku cheni iko juu, tairi zinashika ardhi, ekseli haizunguki, kwa hiyo kinachozunguka ni trekta yenyewe. Dereva ana kama robo tatu ya sekunde kabla haijapita pasipo na kurudi, na sekunde moja na nusu inatosha iwe imemlalia. Hakuna mguu unaowahi klachi kwa muda huo. Fremu ya kukinga dereva iwe imesimama na mkanda wa kiti umefungwa. Mkanda bila fremu usifunge.

Cheni ya milimita 8 ya daraja la 80 ina kipimo cha tani 2, inatosha. Kichwa cha gogo kichongwe kidogo kama ncha ya mtumbwi ili kisichimbe. Anza kwa gia ya chini, achia klachi taratibu, cheni ikaze kwanza ndipo uvute.

---

Mzigoni_Muheza

Nimeelewa, bumu ya mita 1.5 imekufa. Injini nitafuata ya Bi Machui. Limebaki tangi. Na mteremko wenyewe upo, masika udongo wetu unateleza kama sabuni.

---

FundiPongwe

Tangi la lita 1,000 likijaa ni zaidi ya tani moja, hilo lisahau. Likiwa tupu ni la kubebwa na watu wawili au uma wa nyuma. Lihamishwe tupu, lijazwe lilipo. Nusu tangi ndiyo mbaya kuliko yote: maji yanakimbilia upande wa mteremko kila unapokata kona. Kama lazima maji yatembee, yatembee kwenye tela, si kwenye mikono.

Kwenye mteremko, mzigo wa nyuma uwe upande wa juu wa kilima daima. Yaani unapanda kwa rivasi, unashuka kwa mbele. Mwenye kijiko cha mbele anafanya kinyume chake. Magurudumu manne yawe yameunganishwa wakati wa kushuka, kwa sababu breki za trekta nyingi ndogo ziko nyuma tu, na gia ndiyo breki ya mbele. Zile pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa lachi yake, la sivyo utakanyaga moja na trekta itageuka ubavu. Mvua ikiwa imenyesha, siku hiyo mzigo usishuke kabisa.

---

Mzigoni_Muheza

La mwisho. Mikono yangu ikiachwa juu na jembe, injini ikizimwa, asubuhi inakutwa chini. Na ikiwa inawaka, naona inashtukashtuka, inapanda na kushuka kidogo kidogo. Ni kawaida?

---

Chuma_na_Cheni

Kushuka taratibu usiku kucha si jambo la ajabu kwa trekta iliyotumika. Ila huko kushtukashtuka kama mtu anayesinzia ni dalili ya mafuta kuvuja ndani: mikono inashuka, valvu inaihisi, inairudisha juu, inashuka tena. Ama sili ya pistoni ya mikono imechoka, ama valvu haikai vizuri. Kabla ya kufungua chochote, angalia kimo cha mafuta na usafishe chujio. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji, yamwage yote.

Ukitafuta kuvuja kwa nje, pitisha kipande cha kadibodi kwenye paipu, usipitishe kiganja. Tundu lisiloonekana linaweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi. Mwenye kuingiwa aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama haumwi, na aseme ni mafuta ya haidroliki.

Mpaka itengenezwe, usining'inize mzigo na kuuacha, na mtu asiingize mkono wala mguu chini yake. Ukihitaji kufanya kazi chini, panga vipande vya mbao chini ya mzigo kwanza, ushushe mpaka ukae juu yake, ndipo uzime.